Nimetoka ku kamba za 9 nikaweka za 11, sasa gita imekataa: nirudi nyuma?

"Jambo fundi. Napiga gita solo mu korali ya kanisa letu hapa Kadutu, ni mwaka ya tatu sasa. Gita yangu ni ya umeme, aina ya Stratocaster lakini ile ya kuiga, iko na levye, ile fimbo ya kutikisa sauti. Nilikuwa natumia paketi ya 9, ile namba ni unene wa kamba ya kwanza, na kamba ya kwanza ilikuwa inakatika kila yenga mbili ao tatu, sana sana mu sebene, ile sehemu ya mbio fasi gita inaongoza, tena nikipiga nguvu nota inakuwa kama inapanda kidogo kisha inashuka. Tonton yangu mwenye alipigaka gita kitambo akaniambia niweke kamba nene, 11, asema sauti itakuwa kubwa na haitakatika tena. Nimeweka siku ya posho. Sasa shevale, ile chuma yenye inakamata kamba ku mwili ya gita, imeinuka nyuma, kamba ziko mbali na manshi (shingo ya gita), ku frete ya 12 (ile mistari ya chuma ya ku manshi) inalia mubaya, haikai mu akordi (nota zinatoka fasi yake) hata wimbo moja, na bidole binaniuma. Mwenzangu wa besi anasema nitoshe mbio mbele manshi ivunjike. Sisi tunashusha gita nusu toni kwa sababu ya masoprano. Nirudie 9? Feza ya kununua paketi ingine sasa hivi sina."

Mudogo yangu, aksanti ya kueleza yote bila kuficha, juu wengi bananiandikiaka tu "gita yangu inalia mubaya" na mi nabaki kubahatisha kama munganga mwenye hajaona mugonjwa. Weye umenipa mpaka siku ya kuweka kamba.

Mbele ya yote: gita yako haijaharibika, na usitoshe hizo kamba leo. Umenihesabia magonjwa ine, shevale, kamba kuwa juu, frete ya 12, na akordi kukimbia, lakini ni ugonjwa moja tu yenye inajionyesha fasi ine. Umeongeza uzito wa kuvuta na gita yenyewe hukuiambia. Ilikuwa imeregliwa (imerekebishwa) kwa 9, bado inafikiri iko na 9.

Tuanze na shevale, juu njo kwenye mambo ilianzia. Ku Stratocaster na zile za kuiga, shevale haifungwe ku mbao moja kwa moja kama ku gita kavu, ile ya bila umeme. Kwa mbele inaegemea ku vise, na chini yake kuko kipande ya chuma inashuka ndani ya tumbo ya gita, ile chuma inakamatwa kwa nyuma na resori tatu, ine ao tano. Uliisha kuona mizani ya zamani ya soko, ile ya sahani mbili? Njo ile ile. Upande moja kamba zinavuta shevale kwenda ku kichwa ya gita, upande ingine resori zinairudisha. Nguvu zikiwa sawa, shevale inalala bien. Ukitia mzigo ku sahani moja na ile ingine ukaiacha vile, unajua yenye itafuata: shevale inapanda nyuma, ikipanda inabeba kamba zote juu, urefu ya kamba unabadilika kidogo njo maana frete ya 12 inadanganya, na kila mara unakaza kamba moja shevale inasogea tena na zile tano zingine zinashuka, unaakorde, unarudia, unaakorde, unarudia, mpaka pasta anakohoa.

Sasa mzigo wenyewe ni ngapi? Ku gita ya urefu ya yako, toka siye (ile kipande ya mifereji kule kichwani yenye kamba zinapitia) mpaka shevale ni milimetre 648, paketi ya 9 mpaka 42, yaani toka kamba nyembamba mpaka ile nene, ikiakordiwa kawaida inavuta karibu kilo 38 kwa jumla. Ya 10 mpaka 46 inavuta karibu kilo 46. Ya 11 mpaka 49, kilo 53 hivi. Mufuko ya sima ni kilo 50, piga picha mu kichwa. Na ajabu ni kwamba ile tofauti ya unene huwezi hata kuiona na macho. Zile namba ni sehemu za elfu za inshi, 9 ni kama milimetre 0,23 na 11 ni 0,28, tofauti yao haifike hata unywele moja. Lakini nguvu ya kuvuta haifuate unene tu, inafuata unene mara unene. 11 mara 11 ni 121, 9 mara 9 ni 81, gawanya, unapata karibu 1,5. Ile kamba ya kwanza peke yake, nyembamba kuliko zote, inavuta mara moja na nusu kuliko ile uliyotosha.

Ila weye uko na bahati yenye hukuijua: masoprano benu. Kushusha nusu toni kunapunguza nguvu kama asilimia 11. Kwa hiyo pale kanisani 11 yako haivute kilo 53, inavuta karibu 47, yaani sawa na 10 ya mutu mwenye anaakorde nota ya mi ya kawaida, ikizidi ni kidogo sana. Na zile 9 zako za zamani, zikishushwa nusu toni, zilikuwa zinavuta kilo 34 tu hivi. Hiyo ni makaroni, ndugu yangu! Sishangae kama nota ilikuwa inapanda. Kamba ikilegea, ukiipiga nguvu inaenda mbali, ikienda mbali inajivuta, ikijivuta nota inapanda kidogo, kisha ikitulia inarudi. Mu sebene ya kanisa, kwenye dramere anapiga kama anafukuza shetani na weye unataka usikike, mukono wa kuume hauhurumie mutu. Kwa hiyo sababu yako ya kutafuta kamba nene ilikuwa ya kweli. Usisikilize batu benye banakuambia ulikosea.

Mwenzako wa besi naye aniwiye razi. Manshi haitavunjika. Gita kavu ya kawaida yenye kamba za 12 mpaka 53 inabeba kilo 70 na kitu usiku na mchana, miaka na miaka, na manshi yake ni mbao sawa na ya yako. Mu manshi ya gita ya umeme kuko fimbo ya chuma imefichwa ndani, kazi yake ni kushindana na kamba. Kilo 47 haiitishe. Yenye itafanyika ni kwamba manshi itapinda mbele kidogo, kama upinde, na ule upinde unaongeza urefu wa kamba juu ya frete, na ile unairegle na kile moja. Mwenzako wa besi ajiulize kwanza yake inavuta ngapi, kamba ine za besi zinapitaka kilo 70 bila shida.

Sasa tonton. Tonton hakudanganya, aliongea ukweli ya gita ingine. Wazee betu wa gita, batu ba kizazi ya Mwenda Jean Bosco kule Katanga, bengi bao balijifunzia ku gita kavu, na ku gita kavu kamba nene ni sauti kubwa kweli, juu pale kamba njo inasukuma mbao, mbao inasukuma hewa, na mbao ni kazi kuisukuma. Kamba nyembamba haina nguvu ya kuitikisa. Lakini ku gita ya umeme hakuna mutu anasukuma mbao. Chini ya kamba kuko mikro, ni simaku na waya mingi ya shaba imezungushwa, chuma ya kamba ikicheza juu ya simaku inatoa umeme kidogo, na ule umeme njo ampli inakuza. Kamba nene iko na chuma mingi kidogo, ni kweli, itatoa umeme mingi kidogo, utaisikia, sikatai. Lakini ni tofauti yenye unaweza kuifanya na kuzungusha botoni ya voliumu kidogo tu. Umbali ya mikro na kamba, ampli, muda kamba imekaa ku gita, na mukono wako, byote hivyo bina nguvu kuliko 9 ao 11.

Nikupe mifano ya batu benye banajulikana. Tony Iommi, yule wa bendi Black Sabbath, toka Birmingham kule Uingereza, akiwa kijana mashine ya kiwanda ilimukata ncha ya bidole bibili, akalazimika kutafuta kamba nyepesi sana juu bidole bilikuwa binauma, na yeye njo batu banamuita baba wa ile muziki nzito ya chuma. Billy Gibbons wa bendi ZZ Top naye anatumiaka kamba za 7, nyembamba kama uzi ya kushona, na sauti yake ni nene kama mavuta ya ngazi. Upande ingine Stevie Ray Vaughan, mupiga bluzi wa Amerika, alipigaka 13, na sauti yake nayo ni kubwa, lakini yeye alishusha gita nusu toni, sawa na korali yenu, na bidole yake ilikuwa inapasuka mpaka anaziba na gundi. Kwa hiyo kama unene wa kamba ungekuwa njo siri, hawa batatu hawangeweza kuwa mu hadisi moja.

Kuna kitu ingine kuhusu sauti yenye tonton hakukuambia, na kwa mupiga sebene ni ya maana. Kamba nene ni ngumu, haipinde kirahisi, kwa hiyo ile sauti ya juu, ile yenye inang'ara kama chupa zinagongana, inapungua kidogo. Mu bluzi batu banaipenda hivyo. Lakini sebene yetu inakaa juu, frete ya 9 mpaka ya 17, nota mbili mbili zinakimbizana, na yenye inafanya batu basimame ni kule kung'ara. Ukiona 11 zinakupa sauti yenye imevaa koti, usishangae, ongeza kidogo treble ku ampli.

Faida nayo iko, na kwetu ni kubwa kuliko kule kwa ba bluzi. Bao banasukuma kamba pembeni na kidole ili nota ipande, na pale kamba ya 11 inakuomba nguvu mara moja na nusu. Sebene haisukumaki kamba vile. Kazi yetu ni kurudia rudia haraka, na pale kamba ngumu kidogo inasaidia, mediatore, ile plastiki ndogo ya kupigia, inaruka juu yake, inarudi fasi yake upesi. Kwa hiyo bei yenye ba bluzi banalipa, weye hauilipe yote.

Tufike ku kukatika, juu hapa njo naona batu bengi banapoteza feza. Kila mutu anafikiri kamba nene haikatike upesi. Sikiliza hii vizuri. Kamba ikiwa nene, nguvu yake ya kuvumilia inaongezeka, ni kweli, lakini ili ifike ku nota ile ile unapaswa uivute zaidi, na byote bibili binaongezeka sawasawa, unene mara unene. Maana yake 9 na 11, zote mbili ku mi ile ile, ziko karibu na kukatika kwa kiasi kile kile. Haukupata akiba yoyote! Yenye unapata ni hii tu, 11 inavumilia kidogo zaidi kama kuko kidonda, kutu kidogo ao kukwaruzwa. Na mutu akiniambia kamba ile ile inakatika kila yenga mbili, mi sitazame kamba, natafuta kidonda.

Kwa hiyo kumbuka: ilikuwa inakatikia fasi gani? Kama ni ku shevale, pale inapindia juu ya ponte, ile kiti ndogo ya chuma, basi ponte iko na jino. Gita za bei ya chini, ponte zake zinatokaka kiwandani bila kusafishwa, kuko ukingo mukali kama wembe, na kila mara unapiga, kamba inasuguliwa fasi ile ile. Tosha kamba, pitisha ncha ya kidole, ao pamba kidogo, pamba ikinasa umeona jino. Kata kipande ya papye emeri ile laini kabisa, isugue mpaka pamba inateleza. Dakika kumi, na haikuombe feza. Kama ilikuwa inakatika ku mekanike, ile ya kukazia kamba, kule kichwani, jino iko kule, ao unazungusha kamba vibaya. Kama ni katikati, fasi ya mediatore, pale ndiyo, ni mukono wako na ni kutu. Sisi batu ba Bukavu tuko na ziwa hapa chini na mvua karibu mwaka yote, ukitoka kanisani na jasho ukafunga gita mu mufuko vile vile, yenga ijayo kamba ya kwanza iko na madoa. Weka kipande ya kitenge ya zamani mu mufuko ya gita, pangusa kamba juu na chini kila ukimaliza. Mi napatiaka batu hii shauri kila siku na hakuna mwenye anaifanya.

Na kitu ingine, mu soko kuko paketi zenye ziko na jina kubwa ku karatasi na ndani sijui ni waya ya nini. Kama uko na rafiki fundi wa mota mwenye pye akulise, ile ya kupima unene, mupelekee kamba ya kwanza, 11 ya kweli inasoma karibu 0,28.

Sasa kazi. Fanya hivi, na ufuate hii mpango, juu ukianza kwa mwisho utarudia yote. Akorde gita mu mi bemoli, yaani nusu toni chini ya mi, ile ya kanisa, si mi ya kawaida, juu gita inaregliwa ku akordi yenye itaishi nayo. Geuza, fungula ile plastiki ya nyuma. Utaona resori zimefungwa ku kipande ya chuma yenye inashikwa na vise mbili ndefu. Zile vise, kaza na turnavisi, nusu mzunguko hii, nusu mzunguko ile, kisha geuza gita, akorde tena, angalia shevale. Bado imeinuka? Rudia. Usifanye haraka, na usilete uso karibu, resori ikiruka haichague. Ukiona vise zimefika mwisho na shevale bado iko juu, ongeza resori ya ine, mafundi bengi banakuwaka nazo toka gita zilizokufa.

Hapa nikuulize: ile levye unaitumia? Kwa batu kumi benye banapiga mu kanisa, tisa balitosha levye kitambo, iko mu droo. Kama ni hivyo, usitafute usawa wa mizani, kaza resori mpaka shevale inalala kabisa ku mbao na haisogee tena. Bengine banatia kipande ya mbao kati ya ile chuma na tumbo ya gita, ni sawa pia. Faida yake utaiona siku kamba itakatika katikati ya wimbo. Shevale yenye inaelea, kamba moja ikikatika, mzigo unapungua, resori zinashinda, na kamba tano zenye zimebaki zinapanda zote pamoja, umekwisha. Shevale yenye imelala, kamba inakatika, unaendelea na tano, batu hata habajui. Mi ningekuwa weye ningeilaza kabisa.

Kisha manshi. Finya kamba ya mi nene ku frete ya kwanza, na mukono ingine ku frete ya 17, angalia nafasi yenye iko kati ya kamba na frete ya 7 ao ya 8. Inapaswa karatasi mbili ao tatu za fotokopi zipite pale, karatasi moja ni kama milimetre 0,1. Kama kadi ngumu inapita na inacheza, manshi imepinda sana. Pale njo ile fimbo ya chuma, tundu yake iko ku kichwa ya gita ao chini ya manshi. Kile alene yenye inaenea bien, unazungusha kama mushale ya saa, robo tu, unaakorde, unaangalia tena. Robo, si nusu. Mi nikiwa kijana nilikaza ile fimbo kama ninafunga gurudumu ya kinga, gita ya mutu, nikasikia "ta!" mu mbao na mpaka leo ile sauti naikumbuka. Ukiona inakuwa nguvu, acha.

Urefu wa kamba juu ya frete ya 12, kwa mukono yenye inapiga nguvu kama yako, acha milimetre 2 upande wa kamba nene na 1,5 na kitu upande wa nyembamba. Ukishusha zaidi itatetemeka ku frete. Mwisho kabisa njo frete ya 12: piga ile nota ya kengele yenye inatoka ukigusa kamba bila kufinya, kisha finya, programu ya kuakorde mu telefone itakuonyesha. Ile ya kufinya ikiwa juu, sogeza ponte nyuma, ikiwa chini, ilete mbele. Kamba ya sol, ku paketi ya 11 ni 18 bila kuzungushiwa waya, ile itakusumbua kuliko zote, usipoteze usiku juu yake, ikikaribia iache.

Siye nayo. Kama unaakorde na unasikia "ping" kidogo na nota inaruka, kamba imebanwa mu mufereji yake, juu ile mufereji ilichimbwa kwa 9. Sugua kalamu ya risasi ndani, mara mingi inatosha. Kama haitoshe, usichimbe na msumeno ya chuma kama nilivyoona kwa batu, mufereji ikishuka sana kamba itatetemeka wazi wazi na siye ni kubadilisha. Ile ni kazi ya mutu mwenye iko na lima ndogo za kazi hiyo.

Mbele nisahau, kama siku moja utapiga mi-composé, ile ya kutosha kamba ya re nene na kuweka nyembamba ya oktava juu, hesabu yote ya kilo inabadilika na utaregle upya. Tutaongea siku hiyo.

Bidole: ngozi ya ncha kuuma yenga mbili za kwanza ni kawaida, itakauka. Piga dakika kumi na tano, pumzika, rudia, kuliko saa mbili mara moja. Na jua ya kwamba sehemu ya maumivu ni juu kamba ziko mbali na manshi, ukiisha regle utasikia tofauti siku ile ile. Lakini kama maumivu iko ndani, ku kiwiko cha mukono ao ku kifundo, ao kidole kinakufa ganzi na usiku inakuamusha, hapo si mambo ya kamba, acha gita na uende kuona munganga, usingoje mpaka ishindwe kufunga kifungo ya shati.

Na gita uilete kwa fundi, mimi ao mwingine mwenye unaamini, kama fimbo ya manshi imekataa kuzunguka, kama unaona mpasuko pale manshi inaunganika na mwili ao pale vise za shevale zinaingia mu mbao, ama kama umeregle yote na bado kuko frete moja yenye haitoe nota. Kupasuka kwa mbao pale ku vise ni kitu yenye naogopaka ku gita za bei ya chini, mbao zake zingine ni laini, angalia na tochi ya telefone.

Sasa unaniuliza nirudie 9? Hapana. Kwa akordi yenu 9 ni nyepesi sana kwa mukono wako, tutarudi ku makaroni. Paketi ya 11 uliisha inunua, iko ku gita, regle na upige nayo mpaka ichoke, haikuombe franka. Wakati itachoka, ununue 10 ujaribu. Mu mi bemoli 10 itavuta kilo 41 hivi, bado nguvu kuliko 9 ya batu bengine benye banaakorde kawaida, na utarudishiwa kidogo ya kung'ara. Mimi moyo wangu uko ku 10, nakuambia wazi, lakini ni mi mwenye mukono wangu ni mwepesi. Kuko baliopiga 11 mu sebene na hawakurudi nyuma. Usibadilishe tu kila mwezi, juu kila mara itakuwa kurudia kazi ya shevale na ya manshi.

Na hii kazi uifanye siku ya tatu, si siku ya posho magaribi. Ukiisha kaza resori na manshi, gita inachukua siku mbili ya kutulia, mbao inasogea pole pole, siku ya ine utaikuta imeshuka ao imepanda kidogo, utaakorde tu na kugusa robo kama inaomba. Siku ya tano kuna repetisyo, si ndiyo? Utajaribia pale.